Fahamu: Darasa la Kyerwa linavyoweza kusoma na darasa la mbali

Miradi ya kuunganisha madarasa kwa kompyuta si mipya. Mwaka 1988, Vita Baridi havijaisha, shule 12 za Moscow na 12 za jimbo la New York zilianza kuandikiana. Hapo ndipo ulipochipuka mtandao wa shule uitwao iEARN.

Wengi hudhani lazima kuwe na video ya moja kwa moja. Hapana. Walimu wawili hukubaliana swali moja, wanafunzi hulichunguza kila mmoja kwao, kisha majibu hutumwa hata baada ya siku kadhaa. Simu moja ya mwalimu inatosha kuanzia.

Na swali la wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, liko shambani: mnyauko bakteria wa migomba, uliothibitishwa Uganda mwaka 2001 kisha ukaivamia Kagera. Mtoto wa Kyerwa amweleze mwenzake wa Uganda kwa nini nyumbani huvunja ua la ncha ya mkungu kwa mti wenye panda: wadudu wasisambaze bakteria wa ugonjwa huo. Naona maelezo hayo yana thamani zaidi kuliko salamu na picha za bendera.

Nyuso za watoto zisitumwe bila ruhusa ya wazazi. Picha ya mgomba yatosha.