Lugha na Kuvunjwa kwa Vyama vya Wakurdi nchini Uturuki

Kifungu cha 81 cha Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1983 kilikataza chama kudai kwamba nchini Uturuki mna jamii za wachache zenye lugha yao. Hivyo, kutetea Kikurdi kulihesabiwa kuwa ni kuligawa taifa. Mahakama ya Katiba ilikivunja chama cha HEP mwaka 1993 na DEP mwaka 1994. HADEP (2003) na DTP (2009) vilivunjwa kwa hoja ya uhusiano na wapiganaji wa PKK. Mwaka 2002 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba kuvunjwa kwa HEP kulikiuka uhuru wa kujumuika. Hata hivyo, kila mara kilizuka chama kingine, kwa kuwa wapiga kura walibaki, pamoja na lugha yao.