4K Pekee Haiilainishi Video ya Mwendo Kasi

Anayemaliza kuhariri video aliyoipiga kwa GoPro ya kwenye helmeti hufika mahali pa kuchagua namna ya kutoa faili la mwisho. Wengi hapo huchagua 4K, wakaacha mengine programu iamue, kisha picha ikirukaruka na majani ya kando ya njia yakitoka yamevurugika, lawama huiangukia kamera. Ukweli ni kwamba rezolusheni haina kauli kubwa katika ulaini wa mwendo. Wenye kauli ni wawili: idadi ya fremu kwa sekunde, na kiasi cha data ambacho kila fremu imepewa.

Video itolewe kwa kasi ileile iliyorekodiwa, au kwa kasi inayoigawa bila baki. Fremu 60 zikishushwa kuwa 30, programu huchukua moja na kuacha moja, mwendo ukabaki sawa. Zikishushwa kuwa 24, hesabu haigawanyiki: mara inaruka fremu moja, mara mbili, na jicho huona mwendo unaokwamakwama. Aliyerekodi 50, kasi inayofaa chini ya taa za umeme wetu wa hezi 50, naye atoe 50 au 25, si 30. Wapo wanaoitetea 24 kwa kuwa ndiyo kasi ya sinema. Ni kweli, ila sinema kwa kawaida hupigwa shata ikiwa wazi takriban 1/48 ya sekunde, na ukungu kidogo wa mwendo huziunganisha fremu. Kamera hizi ndogo zikiwa juani bila kichujio cha kupunguza mwanga hufupisha shata mno. Kila fremu hutoka kali, bila ukungu wa kuiunganisha na inayofuata, na kwa 24 mtazamaji huona mruko baada ya mruko.

Suala la data ndilo linalopuuzwa zaidi. Kodeki huibana video kwa kuikisia fremu kutokana na jirani zake, kisha kuhifadhi tofauti. Mtu aliyeketi akihojiwa ana tofauti chache. Gari la Safari Rally linalopasua vumbi la Naivasha ni jambo jingine kabisa: vumbi halikisiki, kila fremu inadai karibu kila kitu upya. Kwa video zisizo za HDR, YouTube inapendekeza megabiti 53 hadi 68 kwa sekunde kwa 4K ya fremu 60, na 12 kwa 1080p ya kasi hiyo. 4K ina pikseli milioni 8.3, mara nne ya 1080p. Kuipa megabiti 15 ni kuinyima chakula.

Nitaambiwa bando ni ghali, na hoja hiyo ni ya haki. Dakika moja ya megabiti 60 hula takriban megabaiti 450. Ya megabiti 12 hula 90. Lakini dawa yake ni kushusha rezolusheni, si kuzinyonga biti, maana kwenye kioo cha simu 1080p iliyoshiba huipita 4K yenye njaa. Kodeki ya HEVC, iliyotoka mwaka 2013, huhitaji takriban nusu ya biti za H.264 kwa ubora unaokaribiana, ingawa simu na kompyuta za zamani hukwama kuicheza. Wengine husema mtandao utaibana video tena, basi ya nini kujisumbua? Kwa sababu hiyohiyo. Ubanaji wa pili huzikuta kasoro za wa kwanza na kuzitendea kama sehemu halali ya picha, ukitumia biti kuzitunza.

Kwa hiyo chagua H.264 ili hata vifaa vya zamani viicheze, bakiza fremu za kamera, na kama bando ni dogo toa 1080p kwa megabiti 12, au hata 20 penye vumbi, maji na majani mengi. 4K ichaguliwe na anayeweza kuilisha. Na kabla ya kutoa video nzima, toa kwanza sekunde 10 za kipande chenye vurugu kuliko vyote, ukitazame kwenye simu ya kawaida.