Jiwe la angani lenye jina la Kiethiopia, na mwezi wake uliowashangaza NASA

Wiki iliyopita mshkaji mmoja kanitumia picha ya jiwe linawaka moto linakuja duniani, chini imeandikwa "sambaza kwa watu 10". Sikusambaza ng'o. Ila imenikumbusha asteroidi moja ya kweli kabisa ambayo jina lake limetoka hapa hapa jirani, na nashangaa hatuizungumzii.

Inaitwa Dinkinesh. Ni Kiamhari, maana yake "wewe ni wa ajabu", na ndivyo Waethiopia wanavyomwita yule Lucy, mifupa ya miaka kama milioni 3.2 iliyopatikana Hadar mwaka 1974. (Nyayo za Laetoli hapa Tanzania zinaaminika ni za jamii yake Lucy, kwa hiyo na sisi tumo.) Mwaka 2021 NASA walirusha chombo wakakiita Lucy. Njiani kulikuwa na jiwe dogo halina jina, namba tu: 152830. Wakaona walipe jina la Kiethiopia la Lucy mwenyewe. Hapo nawapa tano!

Sasa asteroidi ni nini? Ni mawe yanayolizunguka Jua, mengi yako kati ya Mirihi na Mshtarii. Mengine yana kaboni nyingi, meusi kama mkaa, mengine chuma. Dinkinesh ni ya mawe hasa, jamii ya vimondo vingi vinavyodondoka duniani. Kimondo cha Mbozi hakimo humu, kile ni chuma.

Tarehe 1 Novemba 2023 Lucy ikapita kilometa kama 430 tu kutoka Dinkinesh. Lengo lilikuwa kujaribu mitambo ya kulenga kamera, basi. Picha zikaja... kumbe jiwe lina mwezi wake! Jiwe lenyewe lina upana wa mita 720 hivi, hata mizunguko miwili ya uwanja wa riadha halifiki, halafu lina mwezi. Zikaja picha za dakika chache baadaye, kutoka upande mwingine: mwezi wenyewe ni mawe mawili yamegusana, kila moja mita 200 na kitu. Mwanzoni moja lilijificha nyuma ya mwenzake. Ukapewa jina Selam, yaani amani, jina la yule mtoto wa kale aliyechimbwa Dikika, Ethiopia.

Ulitokea wapi? Hapa ndipo mimi niliposoma mara mbili mbili. Wanasayansi wanaona mkosaji ni mwanga wa Jua. Jua linapasha jiwe joto, jiwe linautoa ule joto angani, na kila joto linapotoka linalisukuma jiwe kidogo mno. Jiwe halina umbo la mpira, kwa hiyo misukumo hailingani, linaanza kuzunguka kama kile kipanga cha karatasi cha watoto. Taratibu, miaka na miaka, linaongeza kasi mpaka sehemu yake inamomonyoka na kuruka, kama matope kwenye tairi la baiskeli. Mengine yakarudi yakafanya tuta kiunoni mwa Dinkinesh (linaonekana kabisa pichani), mengine yakajikusanya yakawa Selam.

Utasema hayo yananihusu nini? Sikiliza. Septemba 2022 NASA waligongesha chombo kwa makusudi kwenye Dimorphos, kijiwe kinachozunguka asteroidi nyingine ya mawe, Didymos, yenye ukubwa unaokaribiana na Dinkinesh. Mzunguko wake ukapungua dakika 30 na ushee. Lilikuwa zoezi, ili siku jiwe la kweli likija tujue namna ya kulisukuma. Lakini kusukuma mwamba mgumu na kusukuma rundo la kokoto ni kazi mbili tofauti! Ndio maana namna Dinkinesh ilivyomomonyoka ina faida kwa wote tunaoishi chini huku.

Lucy imeshapita asteroidi nyingine Aprili 2025, na mwaka 2027 inategemewa kufika kwenye mawe yanayoandamana na Mshtarii.

Na wewe mshkaji wa picha ya moto: Dinkinesh haitoki kule kwake, hata ikilikaribia Jua bado iko mbali na njia ya Dunia. Haya wadau, nani mwingine katumiwa hiyo picha?