Jihadhari na 'protini' ya saluni

Ni Jumamosi asubuhi msimu wa gathano, na baridi ya mlima imetanda Gakindu kote. Umetoka nyumbani mapema, kitambaa kichwani, ili uwahi saluni kabla ya harusi ya mchana kule Karatina. Msusi amefunga dirisha na mlango ili joto lisitoke. Anazishika nywele zako, anazipapasa, kisha anatikisa kichwa. "Dada, nywele hizi zimechoka. Zinataka protini." Anachukua kopo jeupe lisilo na maandishi yoyote, anakupaka, na baada ya muda anawasha pasi ya nywele. Moshi unapanda. Macho yanakuwasha, koo linakukereketa, na wanawake wawili waliokaa kwenye benchi wanaanza kukohoa.

Je, msomaji, unajua ni nini ulichopakwa?

Huenda hata msusi mwenyewe hajui. Siku hizi neno "protini" linatumiwa saluni kwa vitu vitatu vilivyo mbali kabisa. Kuna dawa halisi ya protini ya kutia nywele nguvu. Kuna mayai, mayonezi na maziwa lala ya kutoka jikoni. Halafu kuna ile inayoitwa keratini au "Brazili", ambayo hunyoosha nywele kwa miezi kadhaa. Hatari kubwa iko katika hiyo ya tatu, lakini hata zile mbili za kwanza zina mambo yake.

Kwanza ni vyema kujua unywele ni nini. Unywele ulioota nje ya ngozi hauna uhai. Ni kamba ya protini iitwayo keratini iliyofunikwa na magamba madogo kama vigae vya nyumba. Dawa ya kulainisha nywele, ile ambayo wengi huita kali, hufanya kazi kwa kuvunja viungo vinavyoishikilia kamba hiyo. Ndiyo maana nywele zilizotiwa dawa, zikapakwa rangi, kisha zikachomwa kwa pasi kila wiki, hukatika ovyo. Unywele huongezeka karibu sentimita moja tu kwa mwezi. Kwa hivyo ncha za nywele zinazofika mabegani zimeona kila kitu ulichozitenda kwa zaidi ya miaka miwili.

Dawa halisi ya protini ina protini iliyovunjwavunjwa vipande vidogo sana, aghalabu kutoka kwa ngano, soya, hariri, au keratini ya wanyama. Vipande hivyo hujishika palipo na nyufa na kuupa unywele nguvu kwa muda, hadi vitakapooshwa. Si tiba ya kudumu. Na wala haioteshi nywele mpya, hata msusi akuapie vipi.

Yai zima ni habari nyingine. Protini yake ni kubwa mno kuweza kupenya unywele, na hubakia juu tu kama gundi. Mama anayetumia mchanganyiko wa yai na avokado huona nywele zimeng'aa, naam, lakini mng'ao huo watoka kwa mafuta ya avokado na ya kiini cha yai. Ukiamua kuutumia, osha kwa maji baridi. Maji ya moto hulipika yai kichwani, na utashinda siku nzima ukichambua vipande vyeupe. Usipake yai bichi kwenye kichwa chenye vidonda, wala usiache liingie mdomoni au machoni, kwa maana linaweza kuwa na vijidudu vya salmonela. Kwa maoni yangu, yai hilo lingefaa zaidi likichemshwa na kuliwa. Mtoto aliyekosa protini kwenye chakula, yule mwenye kwashakoo, nywele zake hugeuka kuwa nyepesi na nyekundu, na hakuna kopo la saluni litakalozirudisha isipokuwa maharagwe, maziwa, mayai na omena.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba protini ikizidi hudhuru. Nywele huwa ngumu kama nyasi kavu na hukatika kwa kuguswa tu. Msusi akiona zinakatika, anadhani zimepungukiwa na protini, anaongeza nyingine! Hapo mteja huishia kunyolewa.

Kuna njia rahisi ya kujipima ukiwa nyumbani. Chukua unywele mmoja uliong'oka, uloweshe, kisha uvute polepole. Ukivutika kidogo na kurudi, uko sawa. Ukivutika kama ubani wa kutafuna bila kurudi, huenda protini itakufaa. Ukikatika mara moja bila kuvutika, huo unataka unyevu, wala si protini. Kwa nywele zilizoharibika, dawa kali ya protini yatosha mara moja baada ya wiki nne hadi sita, kwa dakika zilizoandikwa kwenye kopo, na ifuatwe na losheni ya unyevu. Usiitie siku ile ile mliyofumua nywele za kusukwa kwa kuvutwa sana. Ngozi ya kichwa huwa bado inauma.

Sasa tuingie kwenye ile ya "Brazili".

Hiyo hailishi nywele hata kidogo. Katika bidhaa nyingi za aina hiyo kazi hufanywa na fomaldehidi, ambayo ukiichanganya na maji huwa ni fomalini, ile ile inayotumiwa mochari kuhifadhi maiti. Hufunga keratini ya unywele pamoja ikiwa imenyooka. Inapopigwa pasi yenye joto la zaidi ya digrii 200, gesi hutoka na kuwaingia wote waliomo chumbani. Huwasha macho na pua, huchochea pumu, na kwa wengine huleta mzio wa ngozi usiokwisha. Mwaka wa 2004, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka fomaldehidi katika orodha ya vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

Wala usitulizwe na maandishi ya "haina fomaldehidi". Mwaka wa 2010, wakaguzi wa usalama kazini katika jimbo la Oregon, Marekani, walipima bidhaa ya saluni iliyouzwa kwa maneno hayo wakakuta zaidi ya asilimia 6. Kisa kilianza kwa wasusi waliolalamikia kupumua kwa shida na kutokwa damu puani. Wewe huenda saluni mara moja kwa miezi mitatu. Msusi yumo humo siku sita kwa wiki, pengine mtoto mgongoni.

Baada ya fomaldehidi kupigwa vita, baadhi ya watengenezaji waligeukia asidi ya glaioksiliki. Hii nayo imeleta balaa lake. Madaktari wa Israeli walieleza mwaka wa 2023 juu ya wanawake 26 ambao figo zao zilishindwa kufanya kazi baada ya kunyooshwa nywele. Mwaka uliofuata, madaktari wa Ufaransa walisimulia habari za mwanamke wa miaka 26 ambaye figo zake ziliumia mara tatu, katika miaka ya 2020, 2021 na 2022, na kila mara ni baada ya kutoka saluni. Asidi hiyo hupenya ngozi ya kichwa, hugeuka chembechembe mwilini, na chembe hizo huziba figo.

Kwa hivyo, kabla ya kukubali, omba kuliona kopo lenyewe. Bidhaa nyingi za nywele hununuliwa kwa jumla Nairobi, kwenye maduka ya Dubois Road na kwingineko, na huko vijijini wengine huzipima kwa kijiko kutoka ndoo kubwa. Kopo lisilo na maandishi likatae. Lenye maandishi, tafuta majina ya Kiingereza yanayoanza kwa herufi f-o-r-m-a-l au g-l-y-o-x. Methilini glaikoli pia ni fomaldehidi iliyovaa koti jingine. Tazama alama ya KEBS na nambari iliyo chini yake. Nambari hiyo unaweza kuithibitisha kwa simu, kwa kutuma SM# ikifuatwa na nambari kwa 20023.

Mwenye mimba, anayenyonyesha, mwenye pumu au figo dhaifu, na watoto, hao wote wasipakwe hizi za kunyoosha. Na hata dawa ya kawaida ya protini ijaribiwe kwanza nyuma ya sikio kwa saa 48, hasa ikiwa na ngano. Huko Japani, sabuni ya uso yenye protini ya ngano iliyovunjwavunjwa iliwaletea watu zaidi ya 2,000 mzio mkali. Baadhi yao waliugua baadaye kwa kula mkate tu. Na dirisha lifunguliwe, baridi iwe baridi.

Kichwa kikianza kuunguza, usivumilie eti ndipo dawa ishike. Mwambie msusi aoshe mara moja kwa maji mengi, utoke nje upate hewa. Ikiwa saa chache baadaye au kesho yake utatapika, uumwe na mgongo sehemu za figo, au ukojoe kidogo kuliko kawaida, nenda hospitali ya Mukurweini au ile ya rufaa ya Nyeri siku hiyo hiyo. Mweleze daktari kwamba ulifanyiwa nywele, maana huenda asifikirie kuuliza, na ulibebe lile kopo.