Karatasi ilianzia kwenye mafunjo, na Nyamugari inayo

MSOMAJI, umewahi kujiuliza neno 'karatasi' tulilipata wapi? Waswahili walilichukua kwa Waarabu, na Waarabu walilipata kwa Wagiriki, ambao kwao neno hilo lilimaanisha jani la kuandikia lililotengenezwa kwa mafunjo. Warundi husema urupapuro, neno lililotoka Ulaya, na asili yake ni jina la mafunjo hayo hayo. Lugha zote mbili, basi, zimebeba mmea wa bondeni bila wengi wetu kujua.

Nayaandika haya nikiifikiria Nyamugari. Burundi ina zaidi ya kilima kimoja chenye jina hilo: kipo cha Gitega, na kipo cha Muyinga, mkoa ambao tangu mwaka 2025 umeingizwa katika mkoa mpya wa Buhumuza. Mto Ruvubu hupita upande wa Gitega, kisha huelekea kaskazini mashariki hadi Muyinga, na katika mabonde yake mafunjo huota yenyewe. Watu huyakata na kusuka mikeka. Maji hayo huingia Kagera, kisha Ziwa Victoria, na mwisho Nile hadi Misri. Ndiyo maana mwaka 1937 Mjerumani Burkhart Waldecker aliitaja chemchemi ya Rutovu, kusini mwa Burundi, kuwa chanzo cha Nile kilicho kusini kabisa.

Ni huko mwisho wa mto ambako Wamisri walibuni kazi hii, miaka ipatayo 5,000 iliyopita. Walimenya bua, wakachana kiini chake vipande vyembamba, wakapanga safu moja wima na nyingine ikikatiza juu yake, wakazigandamiza na kuzianika. Mwaka 2013 watafiti walikuta Wadi al-Jarf, ufukweni mwa Bahari ya Shamu, hati za mafunjo zenye umri wa zaidi ya miaka 4,500. Baadhi zinaeleza kazi za kila siku za mabaharia waliosafirisha mawe ya piramidi la Khufu. Kumbe hati za kale kuliko zote za aina hiyo ni daftari la kazi!

Karatasi yenyewe tuijuayo leo ni ya Wachina. Mwaka 105 ofisa Cai Lun alipeleka kwa mfalme wake karatasi ya magamba ya miti, katani, matambara na nyavu kuukuu. Ufundi huo ulifika Baghdad mwishoni mwa karne ya 8, na Ulaya baadaye. Bila karatasi rahisi, mashine ya Gutenberg ya miaka ya 1450 isingefika mbali, wala Zanzibar isingechapa gazeti la Msimulizi mwaka 1888.

Je, haya yanatuhusu nini leo? Yanatuhusu sana. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya 2017, na Tanzania Juni 1, 2019. Burundi ilitoa amri yake Agosti 2018, ikiwapa watu miezi 18 ya kujiandaa. Tangu hapo muuza nyanya anauliza: nitamfungia mteja kwa nini?

Kwa maoni yangu, jibu moja liko bondeni. Nyuzi za mafunjo zikichemshwa na majivu, zikatwangwa, zikachujwa kwenye chekeche na kuanikwa, hutoa karatasi nene ya mifuko na majalada. Haihitaji kiwanda kikubwa, ila inahitaji kuni, maji na mikono yenye subira, na bei yake lazima ishindane na mfuko wa dukani.

Lakini tahadhari. Mafunjo yakikatwa kwa kiasi huchipua tena, ila bonde likikaushwa ili kulimwa, hayarudi, na maji machafu hukosa kichujio. Anayetaka karatasi ya Nyamugari aanze kwa kulinda bonde lake.