AFYA NA USALAMA: Bibi yako analoweka mihogo siku ngapi?



Ukipita Luberizi, katika bonde la Ruzizi, kwenye barabara ya kutoka Bukavu kwenda Uvira, uko katika nchi ya mihogo. Mihogo ndiyo bugali yetu, na majani yake ndiyo sombe. Ni chakula chema, lakini mihogo michungu isiyotayarishwa vizuri yaweza kumvunja mtu miguu bila kumgusa mfupa. Ili ujue sababu, tuangalie kwanza namna mwili unavyoendeshwa. Soma ukurasa huu pamoja na bibi yako.

Umeme wa mwili

Kazini unajua kwamba mota haiendi bila waya. Mwili nao ni hivyo. Ubongo ndio kituo kikuu. Kutoka hapo inashuka kamba ya fahamu, nene kama kidole kidogo, yenye urefu wa sentimeta 45 hivi, nayo inalindwa ndani ya mifupa ya uti wa mgongo. Ubongo unatoa jozi 12 za mishipa ya fahamu, na kamba ile jozi 31, zinazofika kila mahali mwilini.

Mishipa hiyo imefanywa na chembe hai, yaani seli za neva. Katika ubongo peke yake ziko karibu bilioni 86. Kila seli ina kiini chake, vitawi vinavyopokea habari, na mkia unaopeleka habari mbele. Mikia mingi imevikwa utando wa mafuta, kama waya uliovikwa mpira. Katika ile yenye mwendo wa kasi, habari hupita metro 100 kwa sekunde moja.

Ili uinue mguu, seli za namna mbili zinapokezana amri. Ya kwanza inatoka juu ya ubongo na kushuka hadi sehemu ya chini ya mgongo. Ya pili inaipokea hapo na kuifikisha kwenye msuli. Ukumbuke sana ile ya kwanza.

Ukijikata ngozi, ngozi huota tena. Lakini seli ya kwanza ikifa, mwili hauwezi kuweka nyingine mahali pake.

Sumu ya kiwandani iko jikoni

Wewe mtu wa migodi unaijua sianidi, dawa ambayo viwanda hutumia kutenganisha dhahabu na mawe. Unajua kwamba haichezewi. Basi, mihogo michungu hutengeneza sumu ya jamii hiyo hiyo, ili wadudu na wanyama wasiile. Sianidi huzuia seli isitumie hewa ya oksijeni, na seli za neva zinahitaji oksijeni nyingi.

Mwili unaweza kusafisha sianidi kidogo na kuitoa kwa mkojo. Lakini kwa kazi hiyo unahitaji vyakula vya kujenga mwili: maharagi, samaki, nyama, mayai. Mtu anayekula bugali ya mihogo michungu kila siku bila vitoweo hivyo anabaki na sumu bila kinga.

Matokeo yake ni ugonjwa wa konzo. Jina hilo ni la Kiyaka, kutoka Kwango, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938. Kwetu Kivu ya Kusini, mwaka 2011 madaktari walitangaza kwamba umeonekana Burhinyi, katika teritware ya Mwenga. Vita na njaa huwafanya watu waharakishe mihogo.

Konzo huja ghafla. Mtu analala mzima, na kesho miguu yote miwili imekakamaa. Ni ile seli ya kwanza iliyoharibika. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Si uchawi wala si ugonjwa wa kuambukiza. Hakuna dawa ya kuuponya. Mazoezi na magongo humsaidia mgonjwa kutembea.

Ufanye nini?

1. Loweka mihogo michungu siku tatu kamili, kisha ianike juani mpaka ikauke kabisa. Usipunguze siku kwa sababu ya soko au njaa.

2. Unga wa kununua hujui uliloweshwa siku ngapi. Uweke katika beseni, uchanganye na maji mpaka uwe tope zito, na uutandaze juu ya mkeka, usizidi unene wa sentimeta moja. Uache saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu inatoka kama hewa. Pika bugali siku ile ile.

3. Usile bugali na sombe tu. Ongeza maharagi, karanga au ndagala.

4. Mtoto akikakamaa miguu au kuanguka ovyo, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Iko magonjwa mengine yanayofanana, na ni daktari atakayeyatenganisha.

Ndugu, mgodini huwezi kugusa sianidi bila glavu. Nyumbani, glavu ya watoto wako ni maji, jua na siku tatu za uvumilivu.