Nyumba ya Magurudumu: Tezi na Omo, Marejeo ni Ngamani

Kaa barazani Lamu pamoja na wazee wa bahari wakati jahazi linapotokeza kwa mbali, nawe utasikia elimu isiyoandikwa kitabuni. Kabla jina la chombo halijasomeka, mzee mmoja atasema, "Hilo la kwetu." Siku nyingine atasema, "Lile la Unguja." Ameangalia omo tu. La Lamu husimama wima, na la Unguja hulala mbele.

Jirani yangu mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuwa na elimu hiyo. Alinunua jahazi kuukuu kwa kuvutiwa na rangi yake mpya. Safari ya kwanza maji yakaingia kwa chini. Alipofunua ngamani akakuta mbao zimelainika kama mkate uliochovywa chaini. Akiba yake ya miaka mingi ikapotea hivyo, naye hata Mombasa hajafika.

Nimemkumbuka jirani yangu huyo kwa sababu ya chombo kingine, kisicho na tanga wala usukani. Ni ile nyumba ndogo ya magurudumu inayokokotwa nyuma ya gari, ndani yake mna vitanda, jiko na tangi la maji. Waingereza huiita karavani, neno ambalo asili yake ni Kiajemi, na maana yake ya kwanza ni msafara. Wamarekani huiita trela. Huko Marekani wako watu wanaozitafuta trela kuukuu mashambani na kwenye nyua za magari mabovu, wakazitambua, kisha wakazirudishia uhai. Mambo yanayowapata ni yale yale ya jirani yangu.

Wala chombo hiki si kigeni kabisa kwetu. Mwaka wa 1959 Mmarekani Wally Byam aliongoza msafara wa trela 41 za bati jeupe la alumini, kutoka Cape Town mpaka Cairo. Walipita Kenya, wakavuka kuingia Ethiopia kwa njia ambazo siku hizo hata lori lilizihofia, na mwaka wa 1960 wakafika Misri. Trela hizo ziliitwa Airstream, na Byam ndiye aliyeiasisi kampuni iliyoziunda.

Basi tuanze na nasaba, kwani kila chombo kina babu yake. Mwaka wa 1927 fundi Hawley Bowlus alisimamia kazi ya kuunda ndege ambayo Charles Lindbergh aliivukia bahari ya Atlantiki peke yake. Mwaka wa 1934 Bowlus aliunda trela kwa ufundi ule ule wa ndege: bati jembamba la alumini, lenye umbo la yai, lililoshikwa kwa ribiti. Mlango aliuweka mbele, juu ya mahali pa kufungia gari. Biashara yake haikudumu. Mwaka wa 1936 Byam akatoa trela iliyofanana sana na ile, akaiita Clipper, ikalaza watu wanne na kuuzwa dola 1,200. Mlango aliuhamishia ubavuni. Ndiyo maana mjuzi akikuta yai la kale la alumini, kwanza hutazama mlango uko wapi, kama mzee wa Lamu anavyotazama omo.

Lakini si kila king'aacho ni Airstream. Kampuni ya ndege ya Spartan, huko Tulsa, Oklahoma, iliunda trela za alumini baada ya Vita Vikuu vya Pili. Silver Streak ziliundwa California, na Avion ziliundwa Michigan. Kwa mgeni zote ni watoto wa mama mmoja. Kwa fundi ni kabila mbalimbali, na kuzichanganya ni hasara.

Hasara gani? Bati la Airstream nyingi za kale lina utando mwembamba wa alumini safi juu ya alumini iliyochanganywa na madini mengine. Ukilisugua kwa dawa na kitambaa laini, kwa subira, hung'aa kama kioo. Avion sivyo. Bati lake lilitiwa kiwandani utando mgumu wa kulikinga, nao huwa na rangi ya kijivu iliyopoa. Mtu asiyejua hudhani huo ni uchafu wa miaka, akausugua kwa bidii mpaka akauondoa. Kinga iliyowekwa kiwandani imekwenda, wala hana namna ya kuirudisha uani kwake. Amekiharibu chombo kwa kukipenda.

Kwa hiyo wajuzi hukusanya ushahidi kama kadhi, wala shahidi mmoja hawatoshi. Hutafuta nambari iliyogongwa kwenye chuma cha mbele au kwenye kibati karibu na mlango. Huhesabu vipande vya bati vilivyounganishwa kufanya kuba la mbele na la nyuma, kwa maana idadi yake ilibadilika kwa nyakati na kwa viwanda. Hutazama madirisha: Airstream za 1966 hadi 1968 zilikuwa na kioo chembamba kilichopinda, nacho leo ni adimu kukipata. Huinama chini ya ekseli: tangu 1961 kampuni hiyo iliacha springi za mabamba, ikatumia ekseli yenye mipira ndani yake. Lakini ekseli hubadilishwa na mlango huhamishwa. Ndiyo sababu mashahidi wote sharti wakubaliane.

Faida ya kazi hiyo ilionekana mwaka wa 2007. Wanaanga wa Apollo 11 waliporudi kutoka mwezini mwaka wa 1969, walitengwa ndani ya trela ya Airstream iliyogeuzwa, kwa hofu ya kuleta maradhi yasiyojulikana. Vyumba vya namna hiyo vilikuwa vinne. Kimoja kilisahauliwa kabisa, hata kikaja kutambuliwa kwenye kituo cha kufugia samaki huko Marion, Alabama. Kama angetangulia mtu mwenye haraka akang'oa vyote vya ndani ili atie kitanda na jiko jipya, ushahidi wote ungetupwa jaani.

Baada ya kutambua ndipo ije kazi ya mikono, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Wao huanza na kung'arisha. Fundi wa kweli huanza ngamani. Sakafu ya trela hizi aghalabu ni plaiwudi iliyolazwa juu ya fremu ya chuma. Maji hupenya taratibu penye dirisha au taa ya nyuma, yakashuka ndani ya ukuta pasipoonekana, yakaozesha plaiwudi ukingoni. Plaiwudi ikioza, bati la juu na fremu ya chini huachana kule nyuma. Kipimo chake ni chepesi: panda juu ya bampa la nyuma ujitikise. Bampa likishuka na nyumba isishuke, ujue chombo kimeachana vipande viwili. Tena chuma na alumini vikigusana penye unyevu, alumini huliwa. Sisi watu wa chumvi tunalijua jambo hilo bila kusomeshwa.

Ikiwa uozo umeenea, kuba zima hunyanyuliwa, fremu ikakwanguliwa kutu na kulehemiwa, na sakafu mpya ikalazwa. Kabla ya kung'oa chochote, kila kipande hupigwa picha na kuandikwa nambari. Pamba la ukutani hutolewa, na mara nyingi panya wameshafanya mji humo. Beringi, breki na matairi hukaguliwa, hali kadhalika nyaya za umeme na mabomba ya gesi, kwani bomba moja bovu linaweza kuua jamaa nzima usingizini. Ribiti zilizokufa hubadilishwa na watu wawili, mmoja nje akigonga, mwenziwe ndani akishikilia chuma. Kung'arisha ndiko kwa mwisho.

Na ni kiasi gani cha kubadilisha? Hapo mafundi wenyewe hawaafikiani. Wako wanaotaka kila kitu kiwe kama siku kilipotoka kiwandani, na wako wanaotaka starehe za leo. Mimi nipo na wale wa kati: kilichokufa kibadilishwe, kilicho hai kiachwe, hata kama kina kovu. Mwacha asili ni mtumwa, na chombo kilichofutwa alama zake zote hakina tena cha kutuhadithia.

Jirani yangu, laiti angefunua mbao moja tu kabla ya kutoa fedha zake, angejua. Msomaji wangu, ukiuziwa kitu cha kale kinachong'aa, kiwe cha baharini au cha barabarani, usione haya kupiga magoti ukachungulia chini. Tezi na omo, marejeo ni ngamani.